Tafsiri Yangu ya Kwanza

Mama hakuwahi kuamini kwamba nina kazi. Kwake kazi ni kitu cha kutoka nacho nyumbani asubuhi, watu wakakuona ukipita. Mimi nilikuwa naamka, nakunywa chai, nafungua kompyuta yangu ya kubeba kwenye meza ya kulia, kisha nafasiri vitabu vya maelekezo ya mashine kutoka Kiingereza kwenda Kiarabu, kwa kampuni moja ya Dubai ambayo sijapata kuliona hata lango lake. Wageni wakija wakaniulizia, Mama huwajibu, "Buthaina yupo tu, anachezea kompyuta." Nilikuwa na miaka ishirini na sita na mshahara wa kila mwezi, lakini Nizwa nzima ilinijua kuwa ni mtu wa yupo tu.

Basi Januari ile ya mwaka 2006, nilipomwambia kwamba naondoka wiki moja nikafanyie kazi mahali pengine, alicheka. "Meza hii ina kasoro gani?" Nikamwambia nataka upepo wa bahari. Akauliza bahari ya wapi. Nikasema ya Maskati. Ulikuwa uongo, na nilimdanganya nikimtazama usoni, jambo ambalo siku hizo lilikuwa jepesi kuliko zamani, maana Mama hakuwa akiuona uso wangu sawasawa.

Sukari ilikuwa imeshamla macho. La kushoto lilikuwa limekwisha, na daktari alisema la kulia litafuata, kwa mwaka mmoja au miwili, Mungu ndiye ajuaye. Mama alizipokea habari hizo kimya, kama mtu anayeambiwa kwamba maji yatakatwa kesho. Lakini alasiri moja tulikuwa tunachambua mchele, yeye akichambua kwa vidole tu, akasema, "Natamani nimuone Shaikha kabla hayajazimika."

Nikanyanyua kichwa.

"Nimesema nini?" akasema upesi. "Sikusema kitu. Lete ungo."

Shaikha ni mdogo wake, tumbo moja. Walizaliwa Unguja wakaja Omani pamoja, yeye akaolewa Sur na Mama akaolewa Nizwa. Walikuwa hawajasemezana tangu mwaka 1990, bibi yangu aliyewazaa alipofariki. Nyumbani kwetu jina la Sur halikutajwa. Mama alikataa hata kwenda Ibra harusini, eti ile ni njia ya Sur. Nilichokijua mimi ni kwamba bibi alikuwa akikaa kwa Mama mdogo Shaikha, kwamba Mama alifika baada ya maziko, na kwamba palitokea maneno kilioni mbele ya watu. Maneno gani, hakuna aliyeniambia, na nyumba yetu si nyumba ya kuuliza.

Kwa hivyo nilikwenda Sur ili dada wawili waonane kabla macho hayajazimika. Kazi ilikuwa kisingizio, ingawa nayo ilinifuata mguu kwa mguu: kitabu cha pampu ya maji, kurasa mia na arubaini, kifike Dubai Jumatano bila kukosa.

Nilifika Jumamosi mchana, nikapanga chumba juu ya duka la fundi cherehani, karibu na soko la samaki. Simu ya waya haikuwapo, basi intaneti nikaifuata mtaa wa pili, kwenye duka lenye kompyuta sita la Mhindi mmoja wa Kerala aliyeitwa Rafiki na kila mtu, hata na wasiompenda. Alinitengea kona ya wanawake, yenye pazia la maua, akaniwekea na feni ambayo sikuihitaji. Asubuhi nikawa mtu wa pampu, na kuanzia adhuhuri nikawa mtalii.

Sikwenda kutazama majahazi yanakoundwa. Kila mgeni huenda huko na kamera, na mimi nikiona kundi la watu wanatazama kitu kimoja huwa natamani kutazama kitu kingine. Nilizunguka mitaa ya nyuma, nikatazama milango. Nikakuta mbuzi wanakula maboksi kwa adabu kabisa. Nikasimama dukani kwa muuza misumari, nikamsikia mzee anazozana kwa Kiarabu cha Sur, na katikati ya mazozano likamtoka "Hebu nipe!" kama lilivyo, na muuzaji akampa. Nilicheka peke yangu barabarani. Nizwa sisi huzungumza Kiswahili ndani ya nyumba na mlango umefungwa, huku Sur watu wamekisahau nje kama viatu.

Nyumba ya Mama mdogo ilikuwa Ayja, ng'ambo ya hori. Jumatatu nilivuka kwa boti ndogo, nikauliza, nikaoneshwa mlango wa kijani. Nilipita mbele yake mara tatu. Mara ya tatu nikamwona mwanamke yuko juu ya paa anaanika nguo, amenipa mgongo. Alikuwa akiikung'uta kila nguo mara mbili, kisha anaivuta pembe, kisha anaipiga kofi. Mama anaanika hivyo hivyo. Sijapata kumwona mtu mwingine duniani anayeipiga nguo kofi. Nilinunua mkate nisiouhitaji, nikarudi kwenye boti.

Jumanne nilijikaza. Kengele ilikuwapo mlangoni, lakini kilichonitoka ni sauti: "Hodi!"

"Karibu!" ikajibu sauti ya Mama yangu kutoka kwa mtu mwingine. "Pita mwanangu, mlango uwazi."

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa hapo penye mto. Hapo, ndio."

Mgeni kwetu haulizwi jina wala anakotoka mpaka anywe. Aliniletea tende na birika la kahawa, akanimiminia. Ukitosheka unakitikisa kikombe, mwenyeji anajua, na hapo ndipo maswali yanapoanza. Mimi sikukitikisa. Nilikunywa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mama mdogo alimimina tu, akinitazama zaidi kila kikombe. Cha sita moyo ulikuwa ukinipiga, sijui kwa hofu au kwa kahawa, nikakitikisa.

"Haya," akasema. "Wa nani wewe?"

"Wa Ghanima. Wa Nizwa."

Akaliweka birika chini polepole. Alikuwa mwembamba kuliko Mama, lakini pua ile ile.

"Kakutuma?"

"Hajui kama niko huku. Anajua niko Maskati."

"Kumbe muongo."

"Ndiyo, Mama mdogo."

"Hilo umelitoa kwetu." Karibu acheke, akajizuia. "Ana nini, mpaka uje kwa uongo?"

Nikamweleza habari ya macho. Nikamwambia na lile neno la mchele na ungo, lote, hata "sikusema kitu". Alisikiliza akiipangusa sinia ambayo haikuwa na vumbi. Nilidhani amelainika. Kumbe hasira zilikuwa zinampanda.

"Ati anatamani kuniona," akasema. "Na mie nilitamani mama yetu amuone yeye. Siku nne mama kalala anamwita, Ghanima, Ghanima. Mie n'kapiga simu kwa mkono wangu huu. Laini mbovu, yakatika katika, n'kapiga ukelele mpaka jirani kasikia. Kapokea mtoto wake mmojawapo. N'kamwambia, mwambie mamako bibi taabani! Ikakatika, n'kasema yallah, keshasikia, yatosha. Wallahi niambie wewe, mtu akiambiwa mamake taabani anakaa kwake akipika?"

"Hapana."

"Kaja siku ya tatu ya kilio. N'kamuuliza mbele ya watu: hukwambiwa wewe? Sikukuletea khabari kuwa mama taabani? Kanyamaza. Angalisema sikwambiwa, ningalimwamini yeye nikaikana simu. Kanyamaza, kimya! Mtu asiyejibu ana nini la kujibu?"

Mimi sikuwa nikimsikiliza tena vizuri. Nilikuwa nimesimama sebuleni kwetu Nizwa, nina miaka kumi, mkononi nimeshika mkono wa simu ya kijani, na sauti ndani yake inapiga kelele kama iko kisimani.

Inanibidi nilieleze neno hili, kwa kuwa kila kitu kimening'inia hapo. Kwa Kiswahili cha Mama na mdogo wake, mtu akiwa taabani, jamaa wanaitwa. Maana yake ni kwamba njooni sasa hivi. Kwa Kiarabu, ta'bana ni mwanamke aliyechoka, hajisikii vizuri, apumzike. Neno ni lao, sisi tulilichukua, na njiani likawa zito. Mtoto wa miaka kumi aliyetoka skuli sasa hivi na ulimi wote Kiarabu, ambaye kila siku anasemwa kwa kusema "kitu mzuri" na "mtu kimoja", hayajui hayo. Mama alitoka jikoni akiwa na unga mikononi, akauliza nani huyo. Nikamjibu kwa Kiarabu changu cha skuli, nikilitamka vizuri kutoka kooni, nikijiona bingwa: Khalti Shaikha. Anasema bibi ta'bana.

Na nadhani niliongeza "shwayya", kidogo. Sina hakika, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo.

Mama alisema, "Umri ule nani asiyechoka? Mwache alale." Akarudi kwenye unga wake. Hiyo ndiyo ilikuwa tafsiri yangu ya kwanza, na hakuna aliyeniagiza.

"Mama mdogo," nikasema, "simu ile niliipokea mimi."

Nikamwambia nililosema. Akanitaka nilirudie. Nikalirudia, ta'bana, lenye koo ndani yake, na shwayya yake. Kisha akanipokonya kikombe mkononi, akachukua birika na sinia, akaingia jikoni. Nilingoja. Maji yalifunguliwa, yakafungwa. Iliadhiniwa alasiri, nikamsikia anatia udhu, nikamsikia anasali, na hakurudi. Nikaondoka, nikaurudisha mlango taratibu ulivyokuwa.

Jumatano niliipeleka pampu Dubai. Sikuwa na akili. Saa mbili baadaye ilirudi na swali la mkaguzi. Kwenye ukurasa wa thelathini na moja Kiingereza kinasema chuma kikitumika sana huchoka, na mimi nilikuwa nimeandika kwamba chuma kimo katika sakarati. Mkaguzi aliuliza, kwa heshima zote, kama pampu hii inakata roho. Nikarekebisha nyuma ya pazia la maua, huku machozi yananidondokea juu ya vibonyezo, na Rafiki akaniletea chai ya maziwa. Namwombea heri mpaka leo.

Jioni Mama alinipigia. "Bahari ya Maskati ikoje?"

"Nzuri."

"Sauti yako ina nini?"

"Mafua."

Nilimhurumia, nikajichukia, nikafunga begi langu. Niliamua Alhamisi nipite dukani kwa Rafiki mara ya mwisho kutazama kama pampu imekubaliwa, kisha nirudi Nizwa na uongo wangu. Mimi ndiye niliyewafarakanisha, na mtu wa namna hiyo hana sura ya kuwa mpatanishi.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi, pazia likafunguliwa bila hodi. Alikuwa Mama mdogo, na abaya lake la kutokea, anahema. Nyuma yake Rafiki amesimama na uso wa mtu aliyevamiwa.

"Sur nzima n'mekutafuta," akasema. "Mpigie mamako."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie Shaikha taabani."

Nikamtazama. Alikuwa mzima kuliko mimi, amevuka hori, amepanda ngazi za fundi cherehani akakuta nimetoka, ameshuka tena.

"Kwa Kiarabu au kwa Kiswahili?"

"Wee si ndo mfasiri? Kazi yako hiyo."

Nikaitoa simu. Ningeweza kumweleza Mama yote: simu ya kijani, neno, kosa langu. Angenisikiliza, kisha angesema Shaikha ndiye aje Nizwa. Na Mama mdogo angesema Ghanima ndiye aje Sur, na macho yangezimika yakingoja. Nilimjua Mama na nilikuwa nimeshamjua na mdogo wake.

"Mama," nikasema. "Niko Sur."

Nikaendelea kabla hajauliza.

"Mama mdogo Shaikha taabani."

Nililisema kwa Kiswahili, polepole, bila koo, a mbili zikifuatana kama anavyolisema yeye mwenyewe. Nikasikia kifuniko cha sufuria kinaanguka sakafuni huko Nizwa na kuzunguka mpaka kikatulia.

"Nakuja," akasema. Hakuniuliza Maskati imekuwaje.

Mama mdogo alikuwa amegeukia pazia, anayasoma maua yake. "Kasemaje?"

"Anakuja."

"Nifate basi. Mtu hawezi kupokea wageni na unga haujakandwa."

Kaka yangu Laith alimleta. Yuko benki, na Alhamisi haendi kazini. Ni mwendo wa saa nne, naye ananiambia Mama hakusema neno njia nzima, hata walipopita Ibra. Kwenye saa kumi alasiri mlango wa kijani ulisukumwa. Mama aliingia akishika ukuta, na viatu mguuni, yeye ambaye hajapata kumruhusu hata fundi wa mabomba aingie na viatu.

"Yuko chumba gani?" akauliza hewani. "Shaikha yuko chumba gani?"

"Nipo hapa."

Mama mdogo alikuwa uani, mbele ya karai la mandazi. Sinia mbili zilikuwa zimeshajaa. Mama akaifuata sauti kwa uso, hakumwona.

"Umesimama?"

"Nimesimama."

"N'meambiwa uko taabani."

"Ndo. N'mechoka, Dada. Miaka kumi na sita. N'mechoka."

Laith alianza kucheka, akaacha. Mama alisimama pale pale, na nikaona neno linamwingia, la Kiswahili kwanza, halafu la Kiarabu.

"Ta'bana," akasema, kutoka kooni.

"Ta'bana," akajibu mdogo wake.

Sikuweza kuvumilia. "Mama, ile simu ya mwaka ule, ni mimi..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"N'lijua siku ile ile. Shaikha aliposema taabani mbele ya watu, n'kajua."

Mama mdogo akaacha mwiko ndani ya mafuta. "Ulijua? Ukaninyamazia? Neno moja tu, Ghanima! Ungalisema neno moja!"

"Lingemwangukia nani neno hilo?" Mama alisema. "Alikuwa kashika buibui langu. Ana miaka kumi, kilio kizima chamtazama. Niseme huyu ndo kamnyima bibi yake kumuona mwanawe?"

"Na baadae?"

"Baadae ulikuwa ushanitukana. Na mie n'na kibri, wanijua."

Nilikumbuka. Nilikumbuka mkono wake unanibana uso ndani ya buibui, harufu ya udi, sauti za watu zimekuwa mbali. Miaka yote nilidhani alikuwa ananiziba nisione ugomvi. Nikalia kwa sauti, pale uani, mtu mzima, na Laith akanishika bega asijue la kufanya.

Mama mdogo alizima jiko. Mandazi ya mwisho yalikuwa yameungua, hakuyaangalia.

"Sogea mwangani nikuone," Mama akamwambia.

Akasogea penye jua, karibu na kamba ya nguo. Mama akamshika kidevu, akamgeuza huku, akamgeuza huku, akimwelekeza kwenye jicho lake la kulia.

"Umezeeka."

"Macho yako mabovu."

"Nakuona vizuri," Mama akasema, na hakukiachia kidevu.

Jirani, bibi mmoja wa Ayja ambaye kelele zetu zilikuwa zimemvuta, alikuwa ameshaingia na kujikalia karibu na sinia ya mandazi. Alisalimu, akamsifu Mungu kwa waliokutana, kisha akanitazama mimi na pua yangu nyekundu. "Na huyu binti, Ghanima, anafanya kazi gani?"

Nilingoja aseme "yupo tu".

"Mfasiri," Mama akasema, bila kuuondoa uso wake kwenye uso wa mdogo wake. "Tangu ana miaka kumi."